Siku Isiyo na Kazi Inalipwa na Nani?

Mei Mosi ya 2025 iliadhimishwa kitaifa mjini Singida. Hapo ndipo Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kitapanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai mwaka huo. Kwa Ilongero, kaskazini mwa mji, habari hiyo ilikuwa na wenyewe. Ilongero ndiyo makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Singida. Kuna watumishi wa idara, walimu na wauguzi wanaopokea mshahara kila mwezi mvua inyeshe isinyeshe. Oktoba ikatoka amri ya mshahara kwa sekta binafsi: kwa wastani wa sekta zote kima cha chini kikapanda kutoka 275,060 hadi 358,322, kuanzia Januari 2026.

Sehemu kubwa ya watu wa Ilongero hawamo katika habari hizo mbili, au wamo bila kujua. Mvua za Singida ni za msimu mmoja, huanza kuelekea mwisho wa mwaka na kukatika Aprili. Wakati wa palizi kuna kibarua cha jembe. Alizeti ikikauka kuna kukata, kupiga na kupeta. Baadaye mashine za kukamua mafuta huhitaji watu wa kupakua magunia, kulisha mashine, kujaza madumu na kufunga mashudu. Vitunguu navyo vina watu wake wa kung'oa, kukata majani na kufunga. Kijana yule yule aliyelima kwa ujira Januari anaweza kuwa saidia fundi Julai na deiwaka wa bodaboda Septemba. Ukimuuliza kazi yake atakuambia hana kazi, anahangaika tu.

Nami nasema ana kazi tatu, na kila moja ina sheria yake, bei yake na hatari yake. Nimeshughulika na masuala ya ajira kwa muda mrefu, na nimeona kuwa swali linalotenganisha kibarua, mkataba, kazi ya muda na kazi ya kujitegemea ni moja: siku isiyo na kazi inalipwa na nani? Mwenye mshahara wa mwezi analipwa hata siku mashine imeharibika, hata siku anaumwa, hata akiwa likizo. Kibarua wa kutwa siku hiyo anailipa mwenyewe, kwa njaa. Fundi anayejitegemea naye anailipa mwenyewe, ila yeye ana nafasi ya kuiweka ndani ya bei anayomtajia mteja. Matatizo mengi ninayoyaona huzaliwa pale mtu anapobebeshwa hasara ya aliyejiajiri huku akipokea ujira wa mwajiriwa na amri za bosi.

Jambo hili si geni katika nyanda za kati. Wanyaturu na Wanyiramba walikuwa miongoni mwa waliokwenda kwenye mashamba ya mkonge enzi za Waingereza, wale walioitwa manamba. Kibarua wa mkonge alipewa kadi yenye nafasi 30. Siku aliyomaliza kazi aliyopangiwa ilitiwa alama, na malipo yalitoka kadi ilipojaa. Siku ya homa haikutiwa alama. Mwajiri alipata nguvu kazi ya mwezi mzima bila kubeba hata siku moja ya ugonjwa. Mpango huo ulikuwa na mizizi ya zamani zaidi: mwaka 1907 utawala wa Wajerumani huko Usambara ulianza kuwapa watu kadi za kuwalazimisha kufanya kazi siku 30 kwa Mzungu ndani ya miezi 4. Kadi zimekwisha, lakini hesabu yake bado inatumika kwenye daftari la msimamizi anayeandika majina ya waliofika leo na kusahau ya jana.

Sheria ya sasa ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004. Inatambua aina tatu za mikataba ya ajira: usio na kikomo cha muda, wa muda maalumu, na wa kazi maalumu. Kwa miaka mingi ule wa muda maalumu uliruhusiwa kwa wataalamu na mameneja tu, na kanuni za 2017 zikasema usipungue miezi 12. Ndiyo kusema mwenye kiwanda aliyemwandikia mfungaji wa magunia mkataba wa miezi mitatu mitatu alikuwa nje ya sheria, hata kama mfungaji alitia saini kwa hiari yake. Mabadiliko ya 2025 yameulegeza mlango huo. Sasa mkataba wa muda maalumu unaweza kutolewa kwa asiye mtaalamu katika mazingira yaliyotajwa, kama vile kazi inapoongezeka kwa muda usiotarajiwa kuvuka miezi 12, kazi za msimu, au mradi wenye mwisho unaojulikana. Kwa eneo la alizeti hili ni badiliko kubwa. Mwenye mashine ya mafuta sasa anaweza kumwandikia mtu mkataba halali wa msimu. Kwa maoni yangu ni afadhali hivyo kuliko kibarua cha mdomo kinachoendelea miaka minne. Mkataba wa miezi minne wenye saini unampa mfanyakazi karatasi mkononi, wakati ule wa mdomo huwa anaambiwa hajulikani.

Hata hivyo asiye na karatasi ana kinga ambayo naiona kuwa kifungu chenye thamani kuliko vyote kwa watu wa Ilongero, nacho hakisomwi. Kimo katika sheria pacha, Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, kifungu cha 61. Kinasema kwamba mtu anayemfanyia mwenzake kazi au kumpa huduma atachukuliwa kuwa ni mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, bila kujali mkataba wao umeitwa nini, iwapo kuna hata jambo moja kati ya saba. Namna anavyofanya kazi inaongozwa na mwingine. Saa zake za kazi zinapangwa na mwingine. Kama anafanyia taasisi, yeye ni sehemu ya taasisi hiyo. Amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Anamtegemea kiuchumi. Anapewa zana za kazi. Au anamfanyia kazi mtu huyo mmoja tu.

Hebu tuziweke saa hizo 45 kwenye mizani. Mwanamke aliye kwenye mashine ya kukamua huitwa mzigo ukiwepo: "Mama, kesho kuna gari la magunia, wahi saa moja." Anakuja siku mbili kwa wiki, kutwa ya saa tisa. Kwa mwezi hizo ni saa zaidi ya 70. Kigezo cha nne kimetimia na kubaki. Saa moja asubuhi amepangiwa: cha pili kimetimia. Debe, koleo na sindano ya kushonea magunia ni mali ya mwenye mashine: cha sita. Anaelekezwa gunia lipi litangulie: cha kwanza. Mbele ya sheria huyu, ambaye pale mashineni anaitwa kibarua na mwenyewe anajiita kibarua, anahesabiwa mwajiriwa, na ni mwenye mashine anayetakiwa kuthibitisha kuwa siye. Hii ni dhana tu, inaweza kupinduliwa kwa ushahidi. Lakini mzigo wa ushahidi umehamia kwa aliye na daftari, na kwa mtu asiye na karatasi hilo ni jambo kubwa sana.

Anafaidika nini? Kwanza kima cha chini. Amri ya mshahara iliyoanza Januari 2023 iliweka shilingi 140,000 kwa mwezi kwa kilimo na 150,000 kwa viwanda na biashara, na viwango hivyo vilitolewa pia kwa saa, kwa siku na kwa wiki, hivyo mtu wa kutwa hawezi kuambiwa kima cha chini ni cha wenye mwezi. Ukigawa 140,000 kwa siku 26 unapata karibu 5,400 kwa siku, na amri mpya iliyoanza Januari 2026 imeipita hiyo. Pili, saa. Sheria inaweka saa 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Inayozidi hapo hulipwa mara moja na nusu. Wakati wa msimu mashine nyingi hukesha, na watu hukesha nazo kwa ujira ule ule wa kutwa.

Tatu, likizo, na hapa wengi hushangaa. Kwa kawaida mwenye chini ya miezi sita kazini hana likizo ya malipo. Lakini sheria imemtaja mfanyakazi wa msimu kwa jina: naye ana haki hiyo. Pia aliyefanya kazi vipindi kadhaa ndani ya mwaka kwa mwajiri yule yule, jumla yake ikavuka miezi sita, anahesabiwa. Wiki tatu za palizi, miezi miwili ya mavuno na miezi minne ya mashine kwa tajiri mmoja ni zaidi ya miezi sita, ingawa hakuna kipindi hata kimoja kilichofika miezi sita.

Nne, ajali. Mkanda wa mashine ukimkata mtu vidole, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi 2015 kwa sheria ya 2008. Mchango wake, asilimia 0.5 ya jumla ya mishahara, hulipwa na mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Nimekutana na waajiri wadogo wanaoogopa kujisajili kana kwamba wanajiongezea kodi. Kwa mwenye vibarua wanane asilimia hiyo ni pesa ndogo mno ukilinganisha na gharama ya mkono wa mtu, ambayo bila mfuko huishia kwenye mchango wa ndugu, kuuza mbuzi, na uadui kijijini usiokwisha.

Lazima niseme pia asichokipata. Kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haimfikii aliye na chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo, kwa mkataba mmoja au kadhaa. Kwa hiyo wa miezi minne akiambiwa "usije tena", anaweza kudai ujira wake, saa za ziada na mengineyo yaliyoiva, lakini hawezi kudai kurudishwa. Wa mkataba wa muda maalumu naye akifika mwisho wa tarehe, ajira imekwisha yenyewe, isipokuwa kama alipewa sababu ya msingi ya kutarajia kuongezewa. Misimu mitatu mfululizo ya kuitwa tena inaweza kujenga tarajio hilo.

Sasa tuje kwenye pikipiki, maana hapo ndipo vijana wengi wanadhani wamejiajiri.

Kuna mipango miwili. Wa kwanza ni wa hesabu: pikipiki ya tajiri, dereva analeta kiasi kilichokubaliwa kila jioni, kinachobaki ni chake. Wa pili ni wa mkataba: analeta kiasi kikubwa zaidi kwa muda fulani, kisha pikipiki inakuwa yake. Juu ya mipango yote miwili huketi deiwaka, anayepewa chombo nusu siku mwenye zamu akipumzika. Ukivitumia vigezo saba kwa dereva wa hesabu, vitatu vinamgusa: zana si zake, anamtegemea mtu mmoja, anamfanyia mtu mmoja. Dhana ya ajira inaanza. Lakini mwenye pikipiki ana la kujibu: hapangi nauli, hajui abiria, hajui dereva ameamka saa ngapi. Yeye amekodisha chombo.

Jibu hilo lina uzito, na kesi ya Uingereza inatusaidia kuliona. Februari 2021 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba madereva wa Uber waliofungua shauri walikuwa wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini na likizo, ingawa mikataba yao iliwaita wanaojitegemea. Mahakama iliangalia yanayotendeka: kampuni ndiyo iliyopanga nauli, ndiyo iliyoweka masharti, na dereva aliyekataa abiria mara kwa mara aliadhibiwa. Tajiri wa Ilongero mwenye pikipiki mbili hana udhibiti huo. Kwa hiyo dereva wa hesabu, nionavyo mimi, kwa kawaida atakuwa mtu aliyekodi chombo, na akubali kufikiri kama mfanyabiashara. Ila tajiri akimpangia kijiwe, akampa orodha ya wateja wa shule wa kubeba kila asubuhi na kumkataza kuegesha mchana, mambo yamebadilika, na jina la hesabu halimwokoi.

Mpango wa mkataba ndio unaonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu unafanana na ukombozi. Tuseme pikipiki inauzwa shilingi milioni 3, na kijana atalipa 10,000 kwa siku kwa siku 400. Atalipa milioni 4. Hiyo milioni ya juu ni bei ya kukopeshwa, si dhuluma yenyewe. Dhuluma hukaa kwenye siku zisizo na kazi. Pikipiki ikilala gereji wiki nzima, zile 70,000 zinadaiwa? Akiumwa? Njia ikiharibika kwa mvua za Machi? Na lililo baya kuliko yote: akikwama amebakiza siku 60, pikipiki inachukuliwa na yale aliyolipa yanapotea? Mikataba mingi iliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari haisemi neno juu ya hayo, na penye kimya mwenye kadi ya pikipiki ndiye anayeamua. Kijana anayetaka njia hii aandike mambo haya manne kabla ya kuwasha chombo: siku ngapi za mapumziko kwa mwezi hazidaiwi, matengenezo makubwa ni ya nani, akishindwa baada ya nusu atarudishiwa nini, na kadi itabadilishwa jina ndani ya siku ngapi baada ya malipo ya mwisho. Wasaini mbele ya mtendaji wa kijiji au kata. Haya yakiandikwa, mpango wa mkataba ni mojawapo ya njia chache ambazo kijana asiye na dhamana anaweza kupata mali.

Fundi ujenzi yuko upande mwingine kabisa. Tangu serikali ilipoanza kujenga madarasa na zahanati kwa utaratibu wa fosi akaunti, ambapo kamati ya shule au kijiji hununua vifaa na kumpa fundi wa hapo hapo kazi ya ufundi, mafundi wa vijijini wamekuwa wakipata tenda ambazo zamani zilikwenda kwa makandarasi wa mjini. Mwaka 2021 peke yake, kwa fedha za mkopo wa UVIKO-19, yalijengwa madarasa 15,000 nchi nzima. Fundi huyu amejiajiri hasa. Ana zana zake, ana wateja kadhaa, anapanga mwenyewe aanze na msingi wa nani. Tatizo lake ni bei.

Mafundi wengi hupiga bei kwa kuangalia mshahara wa mtu wa mwezi na kuugawa kwa siku. Tuseme fundi anataka shilingi 400,000 kwa mwezi. Anagawa kwa siku 26, anapata 15,000 na kitu, anaitaja hiyo kuwa bei ya siku. Lakini fundi wa kujitegemea hapati siku 26. Kuna siku za kwenda kuangalia kazi, siku saruji haijafika, siku za mvua, siku za kudai malipo. Ukipiga wastani wa mwaka mzima, tuseme anapata siku 14 za kulipwa kwa mwezi. Kwenye 400,000 aongeze 40,000 za mfuko wa uzeeni, 30,000 za kununua na kunoa vifaa, 20,000 za simu na nauli. Jumla ni 490,000. Gawanya kwa 14: shilingi 35,000 kwa siku. Hiyo ndiyo bei inayolingana na mshahara wa 400,000. Anayetaja 15,000 anamfadhili mteja wake, na mwisho wa mwaka hujiona mvivu wakati kosa liko kwenye kugawanya. Mteja naye asione 35,000 kuwa ulafi. Angemwajiri mtu huyo mwaka mzima angelipa pia siku zisizo na kazi.

Kuna jambo jingine fundi hulisahau. Wale saidia fundi watano anaowaita kuchanganya zege wanamfanyia yeye kazi, kwa saa zake, kwa koleo zake. Kwa kifungu kile kile cha 61, yeye ni mwajiri. Akiingia mkataba na kamati ya shule, gharama ya watu hao, pamoja na fidia yao wakiumia, iwe ndani ya bei. Mara nyingi naona fundi analalamika kuwa halmashauri imechelewesha malipo, na nyuma yake wamesimama vijana wanaolalamika hivyo hivyo juu yake. Walichelewesha wote wawili, na wa chini ndiye asiye na chakula. Njia nafuu ni kudai malipo kwa hatua: msingi ukikamilika, lenta ikifungwa, paa likiezekwa.

Vijana waliosoma wana njia yao: kufundisha kwa vipindi. Sekondari binafsi ikikosa mwalimu wa fizikia humwita mhitimu afundishe siku tatu kwa wiki. Huyu aangalie makato. Akikatwa kodi ya mshahara na mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, shule inamhesabu mwajiriwa wa muda. Akikatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, inamhesabu mtoa huduma, yaani mfanyabiashara. Shule haiwezi kumkata kama mfanyabiashara na wakati huo huo kumpangia ratiba, zamu ya bweni na barua ya onyo. Na kama tayari ana mwajiri wa kwanza anayemkata kodi, ajira ya pili hukatwa asilimia 30 tangu shilingi ya kwanza, bila ile nafuu ya shilingi 270,000 za kwanza za mwezi zisizokatwa kodi. Ajue hilo kabla ya kukubali kiasi, asije akaona mshahara umepungua akadhani mhasibu amekula. Mkataba Na. 175 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1994, unataka mwenye saa chache apate kinga ile ile ya mwenye saa kamili katika kujiunga na chama, usalama kazini na kutobaguliwa, na malipo yanayolingana na saa zake. Mwenye nusu ya saa apate nusu ya mshahara. Kumlipa robo ni kumpunja.

Kujitolea ni habari nyingine na inanisikitisha. Wako walimu waliomaliza vyuo wanaofundisha shule za umma kwa posho inayochangwa na wazazi, wakisubiri ajira. Kenya ilipitia jambo la karibu na hilo: Tume ya Utumishi wa Walimu iliwachukua walimu wa sekondari ya chini kama wanagenzi kwa posho ya Ksh 20,000 kabla ya makato, na Aprili 2024 Mahakama ya Ajira ya Nairobi ikasema kumchukua mwalimu aliyehitimu na kusajiliwa kama mwanagenzi kunakiuka haki zake. Sisi hatujafika kwenye hukumu ya aina hiyo. Wakati tunasubiri, kamati za shule zinaweza kufanya jambo lisilohitaji mahakama: kuandika. Jina la mwalimu, masomo, siku, posho, tarehe ya kuanza. Barua hiyo itamfaa siku ya usaili, na itazuia posho kukatwa kimya kimya mahindi yakipanda bei.

Uzee hauna msimu. Tangu mageuzi ya mifuko ya hifadhi ya jamii ya 2018 watumishi wa umma wako kwenye mfuko wa PSSSF, na NSSF ikabaki na sekta binafsi na waliojiajiri. Kibarua, fundi na dereva wanaweza kujisajili wenyewe na kuchangia kwa siku, kwa wiki, kwa mwezi au kwa msimu. Mkulima wa alizeti anayechangia mara moja baada ya kuuza anafuata utaratibu uliotarajiwa. Aliye mwajiriwa, hata kwa siku mbili za wiki, asikubali kuambiwa ajichangie: mwajiri anatakiwa kupeleka asilimia 20 ya mshahara wake, na angalau nusu ya hiyo itoke mfukoni mwa mwajiri.

Mwisho ni suala la ushahidi, kwa kuwa haki zote hizi husimama juu yake. Sheria ya ajira inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi maelezo ya maandishi: kazi yenyewe, mahali, saa, tarehe ya kuanza, muda na ujira. Asipoweza kuyaleta mahakamani au kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, yeye ndiye atakayetakiwa kuthibitisha masharti yalikuwa yapi. Hata hivyo mfanyakazi asiende mikono mitupu. Daftari dogo la tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka na kiasi alicholipwa lina nguvu. Ujumbe wa malipo ya simu una nguvu zaidi kwa sababu una tarehe na jina la mlipaji. Anayelipwa taslimu aombe alipwe kwa simu, hata kwa hasara ya tozo. Ujumbe wa "kesho wahi saa moja" nao asiufute, kwa maana unaonyesha nani anapanga saa. Picha ya orodha ya majina ukutani, mashahidi wawili waliokuwa zamu moja, vyote ni ushahidi.

Na muda ni mfupi. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa CMA ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Mingine, kama ya ujira usiolipwa, ndani ya siku 60. Unaanza kwa Fomu Na. 1, na nakala yake anapewa mwajiri. Watu wa vijijini hupoteza madai yao kwa uungwana: wanamsubiri tajiri auze mafuta, kisha apite msiba, kisha avune vitunguu, na siku wanayoamua kwenda Singida mjini ni ya tisini. Kuomba kuongezewa muda kunaruhusiwa, lakini lazima ueleze sababu ya kila siku uliyochelewa, na kumwonea mtu haya si sababu inayokubalika. Anayetaka kubaki na ujirani mwema anaweza kufungua shauri na bado kuongea na tajiri wake jioni. Usuluhishi ndiyo hatua ya kwanza ya CMA kabla ya uamuzi, na madai ya ujira wa msimu yanaweza kumalizika kwenye meza hiyo.